Bawa la Rupu

Kipanga hapigi hodi. Indranie alikuwa ameinama kuokota soksi ya mwanawe iliyodondoka kibarazani, soksi moja tu, na kabla hajainuka akasikia tundu limelia kama sufuria iliyoangushwa. Aliponyanyua macho alimwona ndege mwenye mgongo wa rangi ya kutu, mashavu ya milia, kang'ang'ania nyaya za tundu kwa makucha yote. Makucha hayo yalikuwa yameshapenya ndani, na Rupu, ndege wa mumewe, alikuwa anavutwa bawa kwenda nje kama nguo inayovutwa chini ya mlango.

Mpini wa kusukumia roti, chapati za kwao, ulikuwa bado kwapani mwake, kwa kuwa alitoka jikoni roti zikiwa nusu. Baadaye hakukumbuka alivyounyanyua. Alipiga akakosa, akapiga tena akaupata ukingo wa tundu. Kipanga akaachia, akapaa juu ya paa la jirani, manyoya mawili meusi mdomoni.

Rupu alikuwa sakafuni mwa tundu. Bawa la kushoto lilikuwa limefunguka na halikutaka kufungika. Na damu, nyekundu mno kwa kiumbe mdogo namna ile, ilikuwa inadondoka juu ya mbegu zake.

Nyuma yake mlango ulisukumwa. Tulsie, miaka mitano, ambaye siku hiyo hakwenda shule kwa ajili ya kikohozi, alisimama na mguu mmoja mtupu.

"Mama, Rupu anamwagika."

"Nenda ndani."

"Lakini anamwagika, mama."

Tundu lile Indranie hakupaswa kuligusa. Ilikuwa Ijumaa, na Jumapili Rupu alikuwa ashindane. Wanaume wa Gayana wote waliohamia mtaa ule wa Kwinsi, mbali na kwao, wangekusanyika bustanini na ndege wao, matundu mawili mawili yatundikwe kwenye miti iliyochomekwa ardhini, na ndege wa kwanza kutoa milio hamsini awe ndiye mshindi. Siku tatu kabla ya hapo, mwanamke haruhusiwi kushika tundu. Hemraj, mumewe, alimweleza hilo siku Rupu alipoletwa nyumbani, bila mzaha hata kidogo: "Mkono wa mwanamke humlainisha ndege. Mguse leo, keshokutwa ataimba kama anabembeleza mtoto." Alipokwenda kazini alfajiri alikuwa amemfunika Rupu kwa kitambaa cheupe, kama desturi, amwache gizani akusanye hasira.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku nane, na asubuhi ile jua la mwisho wa Machi lilichomoza, jua la meno, linalong'aa huku baridi ikiuma, lakini jua. Indranie alisikia chini ya kitambaa ndege anajikuna, anauliza kwa mlio mmoja mfupi, ananyamaza. Akamhurumia. Dakika kumi tu, alijisemea. Nani atajua? Akalitoa tundu kibarazani.

*

Alimpeleka Rupu na tundu lake jikoni, akazima moto, akasukuma roti kando. Alipotia mkono ndani ya tundu Rupu hakumuuma. Siku zote alikuwa anauma. Mdomo ule mnene unaovunja mbegu uliwahi kumtoa Hemraj damu kidoleni. Leo alikaa tu kiganjani, mwepesi kama ganda la yai, moyo wake ukienda mbio hata haukuhesabika.

Indranie alikuwa anasoma darasa la jioni, anajifunza kuuguza wazee majumbani mwao. Mwalimu wake alikuwa na kanuni moja aliyoisema huku akigonga meza: bonyeza jeraha, wala usichungulie. Dakika tano kamili. Wanaochungulia ndio wanaoua.

Basi alimzungushia Rupu kitambaa safi, akabonyeza. Akaangalia saa ya ukutani. Dakika ya kwanza. Rupu alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua, na hakuna sauti iliyotoka.

"Mama, unamkaba."

"Simkabi, namtibu."

"Ulimi wake umekuwa wa bluu."

Indranie akaangalia. Akalegeza mkono upesi, karibu amdondoshe. Kifua cha ndege kikapanda, kikashuka, kikapanda. Mzee wa miaka themanini unaweza kumbana mkono mpaka alie na bado akapumua. Huyu alipumua kwa mwili mzima, na kumshika mwili ilikuwa ni kumshika pumzi. Kanuni ya mwalimu haikutungwa kwa ajili yake.

Alichota unga laini wa mahindi, ule wa kuzidishia mchuzi uzito, akaushindilia taratibu penye jeraha, halafu akalibana bawa peke yake kwa vidole viwili. Unga ukageuka waridi, kisha ukasimama. Kwenye kitambaa alihesabu matone saba, akaacha kuhesabu. Damu yote ya ndege kama yule haijazi hata robo ya kijiko cha chai. Hilo aliwahi kulisikia kwa wanaume wa bustanini na akalicheka, wanajua nini wale. Sasa aliliamini.

Unga ulipokauka aliona vizuri. Ncha ya bawa, kuanzia pale linapojikunja kama kiwiko cha mtu, ilikuwa imevunjika na inaning'inia.

*

Kumpigia daktari lilikuwa wazo lililomjia mapema, akalifukuza, likarudi. Alimpa Tulsie kazi ya kumwangalia mgonjwa ndani ya boksi la viatu, akaenda na simu mpaka kwenye friji, mbali kidogo.

"Kliniki ya wanyama, habari ya asubuhi."

"Nina ndege. Kaumizwa na kipanga."

"Pole sana, mama. Ndege wa aina gani?"

"Mdogo. Mweusi, tumbo kama chai ya rangi."

"Kasuku?"

"Siyo kasuku. Anaimba tu."

"Mm. Mlimnunua duka gani? Ana pete mguuni?"

 Rupu hakununuliwa duka lolote. Aliingia nchini kwa magendo, ndani ya kibiringo cha kusokotea nywele, kwenye mkoba wa binamu mmoja aliyevuka uwanja wa ndege huku jasho likimtiririka mgongoni na tabasamu usoni.

"Mama, upo? Daktari wa ndege anaanza saa nane mchana. Kumwona ni dola mia mbili na kumi, hapo dawa bado. Niandike jina gani? Na anwani?"

Mlangoni mwa friji, mbele ya macho yake, ilibandikwa barua ya serikali. Hemraj alikuwa anaitwa mwezi ujao kwenye usaili wa makaratasi yake ya ukaazi, baada ya miaka tisa ya kungoja. Jina la ukoo lilikuwa limeandikwa pale juu kwa herufi kubwa nyeusi.

Alikata simu. Hata asante hakusema, na jambo hilo lilimuuma, maana alilelewa vizuri.

Labda yule msichana wa kliniki hakuwa na nia mbaya. Labda huwa anauliza kila mtu. Lakini mtu anayeishi kwa kungoja barua hujifunza kwamba swali dogo ni mlango, na nyuma ya mlango huo kuna swali lingine. Na kama makaratasi yangeharibika kwa sababu ya ndege aliyetolewa juani na mkono wake, angemtazama vipi Hemraj?

Hemraj hakuwa mtu wa kupiga. Indranie aliwahi kufikiri, Mungu amsamehe, kwamba heri angekuwa. Mwaka juzi mama yake Hemraj alifariki kule kwao Korentaini, na kwa sababu ya makaratasi hayohayo hakuweza kwenda kumzika. Alinyamaza siku arobaini. Aliomba chumvi, aliuliza kama kuna chai, basi. Tulsie alianza kumwita "yule baba". Kisha binamu akaleta Rupu, na asubuhi moja Indranie akamsikia mumewe jikoni anampigia ndege mluzi. Kesho yake akamsemesha ndege. Wiki iliyofuata akawasemesha wao. Kazini, huko anakopaka rangi majumba ya watu, msimamizi alimwita "wewe wa ngazi", lakini Jumapili akifika bustanini na tundu lake, wanaume waligeuka: "Kepteni kafika!" Na alirudi nyumbani anaongea njia nzima.

Hicho ndicho kilichokuwa ndani ya boksi la viatu.

*

Mama yake Indranie hakuwahi kuwa na daktari, alikuwa na manjano. Mtoto akikatwa na panga shambani, manjano yachanganywe na mafuta ya nazi, yapashwe kijikoni, yapakwe moto moto. Kovu la Indranie chini ya goti lilikuwa laini kama uzi wa hariri. Kwa hiyo alichanganya, akapasha, akapulizia mpaka vuguvugu, akampaka Rupu kwa ncha ya kidole: kwenye jeraha, juu ya bawa, na kidogo ubavuni palipochubuliwa na makucha. Ndege akang'aa dhahabu. Tulsie akapiga makofi.

"Kawa bwana harusi!"

Na kweli, kwa muda wa kama dakika kumi, Indranie alipumua. Alirudi hata kwenye roti zake. Kisha Tulsie akasema, bila kuinua kichwa, "Anacheza, mama. Anacheza lakini hajasimama."

Rupu alikuwa anatetemeka. Ndege akisikia baridi hujitutumua manyoya akawa duara kama mpira. Huyu alikuwa anajaribu na manyoya yalimkatalia. Yalikuwa yamegandamana vishada vishada, na katikati ya vishada ngozi ilionekana, nyembamba, ya waridi, ngozi ambayo mtu hakuumbwa aione. Macho yalikuwa yanafunga kutoka chini kwenda juu.

Indranie akashika simu tena. Safari hii alimpigia Lachman, kinyozi wa Barabara ya Liberti, ambaye mikononi mwake walipita ndege wengi kuliko wateja.

"Latch hapa, kinyozi pekee mtaa huu, wengine wanafyeka nyasi."

"Kaka Latch, ni mimi, Indranie."

"Aa, shemeji! Kepteni hajambo? Mwambie Jumapili tunawarudisha wale wa mtaa wa pili bila viatu."

"Rupu kaumia. Kipanga."

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Kaumia vipi?"

Akamweleza, maneno yakikanyagana. Alipofika kwenye manjano Latch akamkatiza.

"Ulichanganya na nini?"

"Mafuta ya nazi. Kidogo tu."

"Shemeji, hapo ulisahau kitunguu na pilipili. Mbona umeshafika nusu ya mchuzi!"

Nyuma yake watu wakacheka, watu wawili au watatu. Indranie alisikia uso wake unawaka moto mpaka masikioni.  Latch naye, labda kwa kukumbuka dau alilomwekea Rupu Jumapili, akashusha sauti.

"Sasa sikiliza. Manyoya ndiyo koti lake. Likiloa mafuta halina kazi tena, ni kama umemweka uchi barafuni. Mwoshe. Maji vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, suuza, kausha haraka, mweke penye joto."

"Atastahimili kuoshwa? Ameishiwa damu."

"Hapo sasa." Akakohoa. "Usipomwosha, baridi itamuua kabla ya saa sita. Ukimwosha, anaweza kukufia mkononi kwa hofu. Nimeona yote mawili."

"Njoo unisaidie, kaka. Nakuomba."

"Nina mtu kitini, kichwa kimefika nusu." Halafu akauliza, "Hemo anajua?"

"Bado."

"Mh," alisema Latch, na Indranie hakuipenda hiyo mh.

*

Alijaribu maji kwa kiwiko, kama alivyokuwa akimjaribia Tulsie alipokuwa mchanga. Aliwasha mashine ya kukaushia nywele kwanza, akaiacha inanguruma mezani, ili Rupu asije akashtushwa na kelele akiwa tayari ameloa. Akamwambia Tulsie ashike taulo, na asiseme neno.

Alipomzamisha, ndege alipiga kelele mara moja. Haukuwa wimbo, ilikuwa sauti ambayo Indranie hakujua kama ndege wanayo. Rangi ya manjano ikaenea majini kama moshi. Alisugua kwa kidole kimoja, akifuata njia ya manyoya, kamwe asirudi nyuma, na midomo yake ilikuwa inasema, "Nisamehe baba, nisamehe, karibu, karibu namaliza." Bakuli la pili. Bakuli la tatu. Kwenye la tatu shingo ya Rupu ililala juu ya kidole gumba chake, na macho yakafunga yote.

"Amelala?" Tulsie alinong'ona.

 Indranie alimweka ndege kwenye taulo, akaelekeza upepo wa moto kutoka mbali, akifunika kichwa kwa kiganja. Aliona mguu mmoja umekunjika, vidole vimefumba hewa. Alifikiri: nimemuua mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma na mara ya pili kwa dawa. Alifikiri pia jambo la aibu: kama amekufa, je, nimrudishe ndani ya tundu, nimfunike kwa kitambaa cheupe, nikae kimya? Kipanga hatasema. Tulsie ni mtoto.

Aliingiza kidole chake kidogo kati ya vile vidole vya mguu, vyembamba kama nyuzi. Akangoja. Vidole vikambana.

Hazikuwa nguvu, ilikuwa kama mtu kukushika nguo gizani. Lakini vilimbana.

"Lete bomba la dawa yako ya homa," alimwambia Tulsie, na sauti yake ilitoka nyingine kabisa. "Lioshe. Na sukari."

Alimpa maji ya sukari, tone moja kwa ukingo wa mdomo, angoje ameze, tone jingine. Alimwekea boksi karibu na chuma cha joto, kile cha kupashia nyumba moto, chini ya dirisha, na chupa ya maji moto iliyofungwa soksi. Ile soksi moja, kumbe, ilipata kazi.

*

Hemraj aliingia saa sita na robo, muda wa saa tano kabla ya wakati wake.

Indranie alikuwa na maneno yote ameyapanga, na alipomwona mlangoni na rangi nyeupe kwenye kope yakatawanyika. Hemraj alivua viatu, akavipanga sambamba. Akaenda kwenye sinki, akanawa mikono kwa muda mrefu mno.

"Ni mimi niliyemtoa nje," alisema Indranie. "Nilisema dakika kumi. Jua lilikuwa zuri. Nilijua sheria, nikamtoa. Kipanga alikuja, nikampiga, halafu nikampaka... nani kakwambia?"

Maji yaliendelea kutiririka.

"Baba," alisema Tulsie kwa uchangamfu, "tulimpaka mchuzi, halafu tukamwogesha."

Hemraj akafunga bomba. Akapiga magoti mbele ya boksi, akainua kitambaa. Alikaa hivyo. Indranie aliutazama mgongo wake, na mgongo huo ulikuwa uleule wa zile siku arobaini.

"Taa," alisema Hemraj.

Indranie akaleta taa.

"Mkasi wa kucha. Uchemshe."

Indranie alichemsha mkasi, na akiwa amesimama juu ya sufuria alijikuta anahesabu maneno ya mumewe kama mtu anayehesabu sarafu za mwisho.

Ncha ya bawa ilikuwa imeshageuka kijivu. Ilishikiliwa na kipande cha ngozi tu, na kila Rupu alipojitingisha iliburuta, jeraha likafunguka upya. Hata Indranie aliona: ikibaki, itaoza naye. Hemraj alimchukua ndege kwa mkono wa kushoto, shingo katikati ya vidole viwili, kifua huru, kama wanavyojua wale wa bustanini. Kwa mkono wa kulia akachukua mkasi.

Mkono ulikuwa unatetemeka. Mwanzoni kidogo, kisha sana. Mikono iliyokwaruza kuta kwa mashine miaka tisa ilikuwa na mtetemo wake wa kudumu, lakini huu ulikuwa mwingine. Akajaribu kuegemeza kiwiko mezani. Akangoja, akajaribu tena. Ncha ya mkasi ikamgusa Rupu mahali pasipostahili, na ndege akafungua mdomo.

Hemraj akaweka mkasi chini.

"Siwezi."

"Tungoje kidogo—"

"Kata wewe."

"Hemo, mkono wa mwanamke—"

"Kata, Indranie."

Alichukua mkasi. Alishangaa kwamba vidole vyake vilikuwa vimetulia. Labda hofu yake yote ilikuwa imekwisha kumwagika na yale maji ya manjano. Alitazama pale ngozi ilipokuwa nyembamba zaidi. Hakumtazama mumewe. Akakata mara moja, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya kukata uzi. Tone likatunga, akalifunika kwa unga, akabana, na safari hii alihesabu dakika tano bila kuchungulia, kwa sababu safari hii kanuni ilikuwa mahali pake.

Walimfunga bawa lililobaki mwilini kwa plasta nyembamba. Ncha iliyokatwa, manyoya matatu meusi, Hemraj aliifunga kwenye karatasi, akaitia mfukoni mwa shati.

"Latch alinipigia," alisema hatimaye, akitazama sakafu. "Nilikuwa juu ya ngazi, akaweka spika. Duka zima linacheka. Eti, Kepteni, Jumapili tuje na wali?"

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

Na baada ya hapo hakusema tena. Si jioni ile, wala usiku, wala Jumamosi kutwa. Aliomba chumvi.

*

Jumamosi ilikuwa siku ndefu kuliko Ijumaa. Ijumaa angalau mikono ilikuwa na kazi. Kila saa Indranie alimpa Rupu matone mawili ya maji ya sukari yaliyokorogwa na kiini cha yai, na kila mara alipoinua kitambaa alijiandaa kukuta jiwe. Jeraha halikunuka, halikuvimba. Lakini mbegu alizomwekea zilikaa vilevile. Ndege wa mbegu akikataa mbegu, Latch aliwahi kusema mbele yake, huyo ameshafunga mzigo wa kwenda kaburini, usimtazamie tena. Na kilio hakikutoka, wala mlio, wala chochote.

Nyumba ilikuwa na wagonjwa wawili wasiosema, na Indranie alikuwa anatembea kati yao kwa vidole vya miguu. Alimwandalia Hemraj mchuzi wa boga anaoupenda. Akala, akasukuma sahani. Alimtuma Tulsie amuulize baba hadithi. Tulsie akarudi.

"Anasema kesho."

"Alisema? Kwa mdomo?"

"Alifanya hivi," alisema Tulsie, akatikisa mkono.

Jumapili, Hemraj aliamka saa kumi na moja, kama kila Jumapili. Akapiga pasi mwenyewe shati lake jeupe la bustanini, akalivaa. Kisha akakaa mezani na shati lake, hana pa kwenda. Rupu alikuwa kwenye boksi lake karibu na chuma cha joto, amejitutumua upande mmoja. Indranie alisimama penye jiko, akaangalia wote wawili, akafikiri: siku ya kwanza ya arobaini.

Saa mbili simu ya Hemraj ikalia. Aliiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena. Akaipokea, akaiweka mezani imetazama juu, na sauti ya Latch ikajaa jikoni, na nyuma yake upepo, na ndege, na wanaume.

"Kepteni! Tuko hapa miti imeshasimama. Tukufute au unakuja na kiporo? Halo? Basi msalimie mpishi! Mwambie hapa wanaulizia kichocheo cha—"

"Mpishi nani?" alisema Hemraj.

Indranie akaacha kukoroga chai.

"Aa, Kepteni, utani tu—"

"Nakuuliza, Lachman, mpishi nani?" Hemraj alikuwa amesimama. "Huyo unayemwita mpishi alikuomba uje ukasema una mtu kitini. Sasa nikuambie alichofanya, na uwaambie hao wanaocheka hapo nyuma. Alimpiga kipanga kwa mpini wa roti! Alimwosha ndege aliyekwisha damu, akamrudisha. Mimi nilishika mkasi nikashindwa. Umenisikia? Mimi, Kepteni, nilishindwa. Yeye alikata bawa, kidole hakikutikisika. Wewe ukinyoa mtoto mchanga unamtoa sikio! Nani kati yenu hapo ameshawahi kukata bawa la ndege hai? Wewe? Bobi? Bobi alizimia alipotoboa sikio la binti yake, msinichekeshe! Na hiyo habari ya mkono wa mwanamke, nani aliileta? Ni baba yako aliyeileta, na baba yako hajashinda tangu—"

Aliendelea. Alikuwa anazunguka meza na simu mkononi, shati jeupe limemtoka kiunoni, anapunga mkono mwingine kama mnadi. Tulsie alitoka chumbani anasugua macho, akasimama mlangoni, akatazama baba yake kwa mdomo wazi. Indranie alikuwa ameshika kijiko na hajui kwamba chai inamdondokea mguuni.

Ndipo aliposikia kitu kingine, chini ya ile sauti. Kidogo sana. Kilitokea upande wa chuma cha joto.

"—na usiniambie habari ya dau, dau lako nilikuomba mimi? Nilikuomba—"

"Hemo," alisema Indranie.

"—maana nyinyi mnaona ndege ni—"

"Hemo, nyamaza!"

Alinyamaza, simu ingali juu. Latch naye, kwa ajabu, akanyamaza. Wote watatu wakasogea, Tulsie kwa magoti, mpaka kwenye boksi, na bila kuinua kitambaa wakatega masikio.

Ndani yake ganda la mbegu likavunjika. Kisha likavunjika jingine.